Sutretansi: nani anapanda shefu, na ni nani anamlipia?

Kolwezi, Fungurume ao Likasi, kijana akimaliza unif leo haulizi tena kama Gécamines iko inaandika watu. Anauliza ni sosiete gani ya sutretansi iko inatafuta. Na kuko wengine wanaotazama mbali zaidi, wanauliza: mtu anafanya namna gani kusudi awe yeye mwenyewe mwenye kuandika wengine? Wazazi wengine wanacheka swali hilo. Sisi hatucheki.

Sababu ni hii. Mwezi wa Novemba 2021, shirika la Uingereza RAID pamoja na CAJJ ya Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti ya Lualaba. Walikadiria kwamba wafanyakazi 57 kwa 100 hawakuandikwa na mgodi wenyewe, bali na sosiete zingine zilizowaleta pale. Tukihesabu wanaume kumi wanaopanda bisi ya saa kumi na moja ya asubuhi, karibu sita shefu wao wa kweli hayuko mgodini. Yuko katika biro ndogo mjini, na ndiye bamama wanamtafuta kwa simu mshahara ukichelewa.

Kazi hii ya kusimama kati haikuanza jana. Katika 1910 Wabelgiji waliunda Bourse du Travail du Katanga kusudi ikusanye watu vijijini kwa ajili ya migodi, na upande wa Rodezia ya Kaskazini watu wa Robert Williams walifanya vile vile. Kapita alihesabu watu, akasema amri ya mzungu kwa luga yao. Kisha, karibu na 1928, Union Minière ikaanza kutoa kontra za miaka mitatu na kuweka familia ndani ya kambi. Gécamines ikarizi mpango huo: nyumba, shule, lopitali, unga, yote kwa mkono mmoja. Mkono huo ulipochoka, katika 2003 na 2004, wafanyakazi 10.655 waliondoka kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Wale wapya walionunua migodi walitaka kazi ya watu, lakini hawakutaka mzigo wa kambi. Ndani ya pengo hilo sutretansi ikaota.

Sheria ya 8 Februari 2017 ilifungulia Wakongomani mlango. Inasema sutretansi ni ya sosiete zenye feza ya Wakongomani, na mgodi hauwezi kutoa kwa wengine zaidi ya 40% ya bei ya kazi. ARSP ndiyo inayochunga mambo hayo. Kwa karatasi, basi, ngazi yote hadi juu kabisa ni ya watoto wetu. Lakini kila mtu mjini anajua habari ya kukopesha jina: ndugu yetu anaandikwa ndani ya statuti, anatia sahihi, anapewa kitu kidogo kila mwezi, na bei inapangwa na mtu mwingine ambaye jina lake halionekani popote. Gari lake linang'aa, lakini mshahara ukikosekana hawezi kitu. Hatutaki kumwita kiongozi.

Tuzungumuze juu ya wale wanaopanda kweli. Wengi wanaanza pwentere, pale mlangoni na giza bado, wakiandika nani ameingia. Kisha wanaingia biro: dosie, kontra, CNSS, karatasi ya munganga. Kisha shefu wa chantier. Kisha mkubwa wa watu wote. Kisha ile ngazi ya mwisho, kwenda kuketi na mgodi na kusikilizana bei. Na ni pale wengi wanaanguka, hata wenye diplome nzuri, kwa sababu hawakujifunza fakitire.

Fakitire ni nini? Mgodi unalipa kwa kichwa, kwa mwezi. Ndani ya bei hiyo kuko mshahara, CNSS, kodi, bisi, viatu na kofia ngumu, matunzo ya ugonjwa, konje, na malipo ya mwisho siku mtu anaondoka. Kile kinachobaki ndicho cha biro na cha faida. Sasa mwenye mgodi anamwambia shefu: "Mwenzako ametoa bei ya chini." Asiyejua hesabu anakubali kwa furaha, anarudi na kontra mkononi, anashangiliwa. Mwezi wa tatu anaanza kutafuta kwa kukata. Anakata viatu. Anakata bisi. Siku moja ya mgonjwa inapotea kwenye orodha. Pengine si mtu wa roho mbaya. Alitia sahihi bei isiyoweza kulisha watu aliowaleta. Tena mgodi mara nyingi unalipa fakitire kisha siku 30, 60, ao zaidi, lakini mtoto anakula leo. Mwenye kuongoza sosiete ya namna hii asipokuwa na feza ya mishahara ya miezi miwili mbele yake, kila mwisho wa mwezi atakuwa anazima simu.

Kitu cha pili ni sheria, na hapa tuko na kinyongo. Code du travail ya 2002 inasema mtu wa kazi ya siku kwa siku, akisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimwita tena mbele ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Kuko mashefu wanaojua kifungu hicho vizuri sana, tena wanakitumia kwa kinyume: siku ya 21, "enda upumuzike kwanza." Wanasifiwa kuwa na akili. Tunaona kijana anayejifunza uongozi kwa mtu wa namna hiyo anajifunza kazi moja tu, kuficha, na siku Inspection du Travail inaomba orodha, yeye mdogo njo anasukumwa mbele.

Halafu ndugu. Ukipata cheo cha kuandika watu, nyumba yako haikosi wageni. "Yaya, weye njo shefu, mwana wangu abakie tu ku nyumba?" Kumjibu dada yako si rahisi kuliko kumjibu mwenye mgodi. Na nyuma ya ndugu kuko matabishi. Mmoja wetu hapa alitoa dola 150 kusudi mdogo wake aingie katika sosiete moja. Kazi ilidumu wiki tatu, aliyepokea feza akahamishwa, na hakuna aliyejua neno. Tulikuwa na makosa vilevile, tunakubali: anayelipa ndiye anamfundisha shefu kuuza.

Wanawake tuwaseme pia. Ndani ya biro nyingi mama wa sekreteri njo anajua dosie zote, nani anadai konje, kontra gani inaisha. Ila ikifika cheo cha shefu wa chantier wanamwambia karieri ya usiku si ya mama. Hatujasikia bado sababu nyingine.

Mwaka wa 2025 umeonyesha hatari nyingine. Tarehe 22 Februari serikali ilisimamisha kobalti isitoke inchini, na tangu 16 Oktoba inatoka kwa kiasi kilichopangwa. Mgodi ukitaka kupunguza, kontra ya sutretansi ni rahisi kukata kuliko kufukuza watu wake wenyewe. Shefu mwenye mgodi mmoja tu, wa kobalti tu, anaanguka na watu wake wote siku moja. Mwenye akili anatafuta mapema kazi ya shaba, ya barabara, ya stima, hata kama faida yake ni ndogo.

Pwentere mmoja wa Kolwezi, mwaka wa pili katika kazi hiyo, alituonyesha kaye yake. Kila mtu wa siku kwa siku yuko na mstari wake, na siku ya 22 ameizungushia biki nyekundu. Shefu wake alimwomba aandike nyingine, safi. Akatuuliza afanye nini, kwa maana anataka kupanda na yuko na watoto wawili. Tulimwambia ile ya kwanza isilale ku biro.