Mvua ya Masika na Hazina ya Kaunti

NASAHA ZA JUMA
Na Kassim bin Shee, Mombasa

Kaskazi imekwisha kulegea, na wenye ujuzi wa majira wanaingojea kusi ije na mvua za masika, ambazo katika mwambao wetu aghalabu hushika nguvu mwezi wa Aprili na kufikia upeo wake mwezi wa Mei. Na kwa kuwa hakuna majira yenye baraka nyingi kwa mkazi wa Mombasa kuliko haya, wala hakuna yenye hatari nyingi kwa siha yake kuliko haya, nimeona ni wajibu wangu juma hili kutoa nasaha juu ya mambo matatu ambayo watu wamezoea kuyatenga, ilhali kwa hakika yamefungamana: bustani ya nyumbani, afya ya wakaao nyumbani humo, na kura yao.

Sababu ya kuyafungamanisha si mapenzi yangu tu, bali ni Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Jadweli yake ya Nne imezikabidhi serikali za kaunti kazi za kilimo, za zahanati na vituo vya afya, za kuzoa taka, za masoko, na za maji na usafi wa mitaa. Fauka ya hayo, sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 imeamuru kwamba makadirio ya matumizi ya kaunti yafikishwe mbele ya bunge la kaunti kabla ya kwisha tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanzapo tarehe 1 Julai kila shilingi iwe imekwisha kupewa kazi yake. Basi tazama, ewe msomaji, jinsi majira yalivyokutana: siku zile zile ambazo wewe unatia mbegu ardhini, wako watu wanaopanga ni mtaro upi utakaochimbwa, ni zahanati ipi itakayopata dawa, na ni mtaa upi utakaofikiwa na gari la taka, na mtu atakayeshughulikia mbegu zake peke yake, asiulize habari za mpango ule, atakuwa ameikamilisha nusu ya kazi na kuiachilia nusu iliyobaki mikononi mwa wengine.

Tuanze na ardhi. Kisiwa chetu na viunga vyake vya mwambao vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi na mchanga usioshika maji, hata mbolea inayotiwa juu yake huteremka pamoja na mvua kubwa ya kwanza. Kwa ajili hiyo asiye na uga mpana asihuzunike, maana gunia lililojazwa udongo mwema uliochanganywa na mboji, likawekwa mahali palipo na jua la asubuhi, laweza kuzaa zaidi ya kipande cha ardhi kilichoachwa kama kilivyo. Mboji yenyewe haihitaji fedha: maganda ya ndizi na ya viazi, majani makavu na mabaki ya mboga hukusanywa pembeni mwa ua, hufunikwa, hunyunyizwa maji kidogo na kugeuzwa mara kwa mara mpaka yageuke udongo mweusi usio na uvundo, lakini majivu yasitiwe kwa wingi, kwani udongo wetu una chokaa ya kutosha, na samadi ya kuku isitumiwe ingali mbichi, kwani huunguza mizizi ya miche.

Katika mimea, ningemnasihi mwanafunzi wa bustani aanze na mchicha, ambao mbegu zake ndogo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja, na ambao baada ya majuma matatu au manne huwa tayari kwa chungu. Na akiukata badala ya kuung'oa, shina litachipuka tena naye ataula mara ya pili na ya tatu. Mkunde nao ni hiba ya aina mbili, kwa sababu majani yake ni mboga na mizizi yake huurudishia udongo nguvu uliyopoteza, nayo mabenda, biringani na pilipili hustahimili joto la pwani kuliko sukumawiki inayoletwa kutoka bara hadi soko la Kongowea. Mwenye shina la muhogo ana kisamvu mwaka mzima, maadamu hasahau kwamba majani yale yana sumu yakiwa mabichi, hivyo ni lazima yatwangwe na kupikwa yakaiva sawasawa. Matuta yainuliwe juu ili masika yasiizamishe miche, na ardhi ifunikwe kwa makumbi ya nazi au majani makavu ili mvua isiuchukue udongo. Aidha, maji ya kisima yaonjwe kabla hayajatiwa bustanini, kwa kuwa visima vyetu vingi vimeingiwa na chumvi ya bahari, na chumvi ile huiua mimea michanga. Wala maji ya mtaro wa uchafu yasitumiwe hata katika kiangazi cha namna gani, maana mboga iliyonyweshwa uchafu huurudisha uchafu ule mezani kwa sura ya maradhi.

Hapa ndipo bustani inapokutana na siha, kwa kheri na kwa shari. Pipa lile lile linalokinga maji ya mvua kwa ajili ya mchicha, likiachwa wazi, huwa ni makazi ya mbu mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana, ambaye huzaa katika maji yaliyotulia ndani ya mapipa, vifuu vya nazi, magurudumu makuukuu na visahani vya vyungu vya maua, na ambaye ndiye aenezaye homa ya dengi iliyoisumbua Mombasa mwaka 2013, na 2017, na tena 2021. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakaanguliwa mvua inaponyesha. Na kwa kuwa kutoka yai hadi mbu arukaye hupita takriban siku saba hadi kumi, nyumba ambayo kila Ijumaa au siku nyingine iliyochaguliwa humwaga maji yote yaliyotuama, husugua kuta za mapipa na kuyafunika barabara, huwa imeukata uzazi wa mbu kabla haujakamilika. Mtu akishikwa na homa kali, maumivu nyuma ya macho na viungo kumwuma, aende akapimwe asikimbilie duka la dawa, wala asinywe aspirini au ibuprofeni kabla ya kujua ana nini, kwa sababu dawa hizo zaweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu kwa mwenye dengi.

Yako pia maradhi yasiyongoja mvua. Shinikizo la damu na kisukari huingia kimya kimya, na wengi hawavitambui mpaka mguu umekufa ganzi au nusu ya mwili imepooza. Shirika la Afya Duniani limewashauri watu wazima wasizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nacho ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na chumvi iliyomo katika mkate, samaki mkavu na achari. Wale gramu 400 za matunda na mboga kila siku, na wautumikishe mwili walau dakika 150 kwa juma. Mwenye kulima matuta yake, kuyapalilia na kubeba maji ya kuyanywesha, ametekeleza nasaha mbili kati ya hizo katika uga wake mwenyewe. Na iliyobaki ni ya mpishi, apunguze mkono wa chumvi na aongeze ndimu, tangawizi na bizari. Nao wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu mwezi wa Septemba 2023 walikabidhiwa mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu na vya sukari, kazi yao ni kuingia majumbani; basi mmoja wao abishapo hodi, mama na baba wasimwambie kwamba hawaumwi kitu, bali wamkaribishe na kunyosha mkono wapimwe, na kama mtaa haujamwona kwa muda mrefu, zahanati iulizwe yuko wapi.

Sasa, msomaji mwenye insafu ataniuliza: nimelima, nimefunika mapipa, nimepunguza chumvi, je, mtaro ulioziba mbele ya nyumba yangu nitauzibua mimi? Taka zilizorundikwa njia panda nitazibeba mimi hadi jaa la Mwakirunge? Zahanati isiyo na dawa ya shinikizo nitaijaza mimi? Suala hilo ni la haki, na jawabu lake ni kwamba kazi hizo zimelipiwa tayari kwa fedha za umma, ila fedha zisizo na mwangalizi hazina njia ya kujua nani mwenye haja kubwa. Kifungu cha 196 cha Katiba kimelilazimisha bunge la kaunti kuendesha kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi, kwa hivyo mkutano wa kutoa maoni juu ya bajeti si hisani anayofanyiwa raia. Nendeni, enyi wakazi, wala msiende mikono mitupu: andikeni katika karatasi moja jina la mtaa, mahali mtaro ulipoziba, siku ambazo gari la taka halikufika, na dawa iliyokosekana, takeni kuonyeshwa katika kitabu cha bajeti mstari unaohusu jambo hilo, na mwaka unaofuata rudini na karatasi ile ile muulize kimefanyika nini. Wahenga walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi, na swali dogo linaloulizwa mwaka baada ya mwaka na watu wale wale huwa zito kuliko makelele ya siku moja.

Kutoka mkutano huo hadi sanduku la kura ni hatua moja. Katiba imekwisha kuupangia uchaguzi mkuu siku yake, nayo ni Jumanne ya pili ya Agosti katika kila mwaka wa tano, ambayo itaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Inasikitisha kukumbuka kwamba katika uchaguzi wa 2022, wakati wapiga kura takriban 65 katika kila 100 walijitokeza katika nchi nzima, hapa Mombasa hawakufika nusu ya waliosajiliwa. Sisi tunaolalamika barazani asubuhi na jioni kwamba mji umesahauliwa, siku ya kusema tulikaa majumbani.

Basi aliyetimiza miaka 18 na hana kitambulisho cha taifa, akitafute sasa, maana bila hicho au pasipoti hawezi kuandikishwa. Mwenye nacho aende mwenyewe katika afisi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya eneo bunge lake, na asingoje siku za mwisho, kwani usajili husimamishwa kabla ya uchaguzi. Aliyehama Likoni akaishi Kisauni aombe kuhamishwa, la sivyo siku ya kura atalazimika kuvuka feri kurudi kituo cha zamani. Siku yenyewe, vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekwisha kuwa katika foleni saa ya kufunga ana haki ya kupiga kura. Na mzee asiyeona au asiyeweza kutia alama mwenyewe anaruhusiwa kusaidiwa na mtu amwaminiye.

Mpiga kura atapewa karatasi sita, na desturi yetu ni kuumaliza moyo wote juu ya ile ya rais, na kuitia alama ile ya mwakilishi wa wadi kama jambo la kupitisha. Ningependa tuibadilishe desturi hiyo. Mombasa ina wadi 30, na mwakilishi wa kila moja ndiye anayekaa katika bunge linalopitisha bajeti ya mitaro, taka na zahanati, na ndiye aliye na kazi ya kumwuliza gavana hesabu. Wako wasemao kwamba kura moja haibadili kitu. Nami sidharau uchungu wa watu waliohadaiwa mara nyingi, lakini wadi ni ndogo, na tofauti ya mshindi na mshindwa yaweza kuwa ni watu wa mitaa miwili waliolala siku ile. Mgombea ajapo kuomba kura asiulizwe ni wa kabila gani wala ni jamaa ya nani, aulizwe bajeti iliyopita ilikuwa na nini kwa wadi hii, na kama hajui, hajawa tayari kuisimamia. Akileta noti na leso badala ya jawabu, jueni kwamba sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 humtia hatiani anayetoa rushwa na anayeipokea, wala kitambulisho asikabidhiwe mtu yeyote kwa ahadi yoyote.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii: kabla mvua haijashuka, kila nyumba ipande angalau gunia moja la mchicha, ifunike mapipa yake, impime shinikizo kila mtu mzima aliyemo, na ihakikishe kwamba kila aliyefikia umri ameandikishwa, kisha majirani wa mtaa mmoja waandike karatasi yao moja na waipeleke kwenye mkutano wa bajeti wakiwa wengi. Mtaa utakaoyafanya haya utakuwa na haki ya kudai na nguvu ya kupewa, na ule usioyafanya utaendelea kupangiwa mambo yake na watu wasioyajua maisha yake.