ETI MSALITI! HEBU MSIKIENI D'OLIVEIRA KWANZA

Wiki iliyopita kijiweni kwetu nusura vikombe vya kahawa viruke. Kisa ni mdogo wake mshikaji wetu mmoja, aliyekwenda kusaka maisha nje. Kapewa uraia wa huko, na sasa kaitwa timu ya taifa ya huko huko. Basi wazee wa kijiwe wakamshukia: msaliti huyo, kauza nchi kwa ajili ya mshiko! Kaka mtu kanyamaza kimya, anachora chora mchanga kwa kandambili.

Mimi pale sikuwa na la kusema. Usiku nimelala ndio nikamkumbuka jamaa mmoja wa kriketi, Basil D'Oliveira.

Najua mnavyoguna. Kriketi si ule mchezo wa watu waliovaa nyeupe tupu, wanasimama juani toka asubuhi halafu wanapumzika kunywa chai? Ndio huo huo, vumilieni. Jueni tu kwamba wapigaji wanakuwa wawili uwanjani, na kila wakibadilishana ncha unahesabiwa mkimbio mmoja. Ukifikisha mia, siku hiyo ni yako. Na gongo nitakalolitaja humu ni la mbao, si lile la kwenye chupa.

Haya. D'Oliveira alizaliwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1931, chotara. Kwa sheria za makaburu hiyo ilitosha kummaliza. Timu ya taifa ilikuwa ya wazungu peke yao, hata uwe na mikono ya dhahabu. Yeye na wenzake walicheza kwenye viwanja vya changarawe, wanatandika jamvi chini ndipo mpira urushwe. Alikuwa nahodha wa timu ya wasio wazungu, na mwaka 1958 aliileta mpaka hapa kwa jirani zetu Kenya. Baada ya hapo ukuta. Hakuna pa kupanda.

Unajua alifanyaje? Aliandika barua. Alimwandikia mtangazaji mmoja wa Uingereza, John Arlott, mtu asiyemjua hata kwa sura, akimwomba amtafutie kazi ya kucheza. Arlott akahangaika, na mwaka 1960 ikapatikana klabu ya Middleton, kule Lancashire, baada ya mchezaji waliyemtaka kutotokea. Mshahara pauni 450 kwa msimu mzima, nauli juu yako. Watu wa mtaani kwake Cape Town wakachangishana mpaka ikatimia.

Alipofika Uingereza alikuwa anatafuta mlango wa wasio wazungu. Hakuuona. Mtu umezoeshwa hivyo toka utotoni, unafika mahali hakuna kibao cha kukufukuza, mpaka unachanganyikiwa. Hapo mimi huwa natulia kidogo.

Mechi za kwanza mambo yalikuwa magumu, maana nyasi za kule zina maji na mpira unakwenda kinyume na alivyozoea. Lakini msimu ulipokwisha alikuwa na mikimbio 930, na wastani wake ulimpita hata Garry Sobers wa West Indies, na Sobers katika kriketi ni kama Pele. Akachukua uraia wa Uingereza, akaingia timu ya Worcestershire, na mwaka 1966 akaichezea Uingereza kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 34, ila kwenye makaratasi alijipunguzia kidogo. Msicheke, kwani sisi ligi zetu hatuzijui?

Sasa ngoma yenyewe ni mwaka 1968. Uingereza ilipanga kuzuru Afrika Kusini mwisho wa mwaka. Waziri Mkuu wa makaburu, John Vorster, hakutaka kumwona chotara akirudi nyumbani na jezi ya Uingereza. D'Oliveira akafuatwa na mtu wa kampuni ya tumbaku ya huko kwao: sema mwenyewe hutakwenda, tutakupa kazi ya kufundisha, pauni 4,000 kwa mwaka, miaka kumi. Pigeni hesabu wenyewe, mtu aliyeanza na 450. Akakataa.

Agosti mwaka huo Uingereza inamalizia na Australia kwenye uwanja wa Oval, London. D'Oliveira hakuwa hata kwenye kikosi, akaitwa dakika za mwisho kwa sababu mwenzake alijitoa. Akashika gongo. Alipofika 31, mpira ukapaa, mdaka mpira wa Australia, Jarman, akauangusha. Weee! Jamaa akaenda mpaka 158. Siku ya mwisho mvua ikafurika uwanja, watazamaji wenyewe wakaingia kukausha maji, na muda ukawa unayoyoma Waaustralia wakigoma kutoka. D'Oliveira akapewa mpira arushe, akavunja wiketi ya nani? Jarman yule yule. Uingereza ikashinda zikiwa zimebaki dakika chache.

Usiku ule ule wakubwa wa kriketi wakakaa kupanga kikosi cha kwenda Afrika Kusini. Kilipotangazwa, tarehe 28 Agosti, D'Oliveira hayumo. Mtu wa 158! Siku hiyo hiyo alikuwa ametoka kupiga mikimbio 128 kwa timu yake ya Worcestershire, akasikia majina kwenye redio ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Mwenzake Tom Graveney akamtoa pembeni, akalia huko. Wakubwa walisema ni mambo ya mchezo tu. Waingereza wengi hawakuamini, na mimi siamini. Ujumbe kwamba Vorster hamtaki ulikuwa umeshafika kwa baadhi yao toka Machi, wakaukalia.

Wiki tatu mbele mchezaji mmoja, Tom Cartwright, akajitoa kwa kuumia, na nafasi ikabidi apewe D'Oliveira. Vorster akawaka: hiyo si timu ya kriketi, ni ya wapinga ubaguzi. Tarehe 24 Septemba safari ikafutwa. Baada ya hapo makaburu walizidi kutengwa. Kuanzia mwaka 1970 hawakucheza mechi rasmi ya kimataifa mpaka mwaka 1991.

Bwana huyu aliendelea na Uingereza mpaka mwaka 1972, mechi kubwa 44, akafariki mwaka 2011. Tangu mwaka 2004 Uingereza inapokwenda kucheza mechi hizo kubwa Afrika Kusini, timu hizo mbili hugombea kombe lenye jina lake. Kichekesho kingine: mwaka 2005, Oval ile ile, dhidi ya Australia ile ile, Kevin Pietersen naye aliipigia Uingereza mikimbio 158. Huyo ni mzungu mzaliwa wa Pietermaritzburg, mama yake Mwingereza, aliyehama analalamika kwamba nafasi zinagawiwa kwa rangi. Huyo wa pili mkimwita mamluki, mimi sitagombana na mtu.

Ila D'Oliveira alimsaliti nani? Nchi haikumpa jezi. Alipopewa na wengine, ikamfungia mlango hata kama mgeni. Nilipeleka hoja hiyo kijiweni juzi. Mzee mmoja akasema dogo wetu hakufukuzwa na kaburu yeyote, aliondoka na begi lake mwenyewe. Hapo alinibana kidogo, sikatai. Ndipo kaka mtu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza: "Alifanya majaribio hapa miaka minne, hata nauli ya daladala hakurudishiwa."

Kahawa ikaagizwa upya. Tuonane wiki ijayo.