Msiseme Singida haina mvua

Mkoani kwetu kuna kauli moja iliyogeuka kuwa jibu la kila swali: "Singida ni kame, mvua hakuna." Ukiuliza kwa nini mtoto wa darasa la tatu anakwenda shule na daftari mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, utajibiwa hivyo. Ukiuliza kwa nini mama wa Ikungi anaamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya kisima, utajibiwa vivyo hivyo. Viongozi wanaisema jukwaani na wasafiri wa mabasi ya Mwanza wanaisema wakitazama vichaka dirishani. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nasi wenyeji, Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo, tunaisema kama vile ni laana tuliyozaliwa nayo. Si kweli, na imetugharimu mno.

Sehemu kubwa ya mkoa huu hupata kati ya milimita 500 na 800 za mvua kwa mwaka. London, mji unaosifika kwa mwavuli, hupata milimita 600 hivi. Wenzetu mvua yao imesambaa mwaka mzima. Yetu inamwagika kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, halafu mbingu zinafunga kwa miezi kama saba. Tunachokosa ni pa kuyaweka maji yanapokuja, na hiyo ni kazi ya gata, tanki na saruji.

Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja ya maji. Nyumba ya kawaida yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 ina paa lisilopungua mita za mraba 80. Mwaka mbaya wa milimita 500 unaliangushia paa hilo lita 40,000. Toa robo nzima kwa maji yanayorushwa na upepo, yanayofurika kwenye gata na yanayoachwa yaoshe vumbi. Zinabaki lita 30,000, yaani madumu 1,500 ya lita 20, yaliyofika mlangoni bila kubebwa kichwani na bila kumlipa mwenye mkokoteni. Tunayaangalia yakichimba msingi wa nyumba, yakikata korongo katikati ya uwanja na kutokomea mbugani. Pale mjini yanateremka hadi maziwa ya Singidani na Kindai, kwenye maji ya chumvi ambayo hakuna anayeyaweka mdomoni.

Babu zetu siwalaumu. Waliishi kwenye tembe, na paa la tembe ni udongo uliotandazwa juu ya miti. Mvua ikinyesha linainywa, na likivuja linadondosha tope. Leo watu wameuza alizeti na vitunguu, wameezeka mabati hadi vijijini kabisa. Paa limebadilika, fikra zimebaki za tembe.

Tena maji ya mvua yana ubora ambao hatuusemi. Kuna maeneo ya mkoa huu ambako maji ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi. Watoto wanaokua wakiyanywa meno yao yanaota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi maisha yao yote, na kiasi kikizidi kwa miaka mingi mifupa nayo inaumia. Ukichemsha maji hayo floraidi haitoki, bali inazidi kukolea kadiri mvuke unavyopotea. Maji ya mvua karibu hayana kabisa. Kwa hiyo ya bati yawe ya kunywa na kupikia, ya kisima yafue na kunywesha mifugo.

Maji ya mvua yanaokoa nishati pia. Dumu linalotoka kwenye kisima kirefu limepandishwa juu kwa dizeli, umeme au paneli za jua ambazo mtu amezilipia, na gharama hiyo inarudi kwenye bei ya ndoo. Tanki la paa linajaa kwa mteremko tu.

Kwa kuwa maji yapo na tunayaacha yapite, mawaidha ya kubana maji yananikera yanapoletwa hapa kama yalivyo. Funga bomba unapopiga mswaki: bomba lipi? Mama wa Mkalama maji aliyosuuzia nguo anapigia deki, aliyooshea mchicha anawapa kuku, na yanayobaki anamwagia mpapai. Huyo amekwisha kubana hadi mwisho, na hakuna semina ya kumfundisha zaidi. Anachohitaji ni kuyapata yale yanayopita juu ya kichwa chake.

Najua nitaambiwa tanki ni ghali. Ni ghali kweli, na kwa wengi bei yake inauma. Lakini kaya ya watu watano, kila mmoja lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, inatumia lita 5,250 katika siku 210 za kiangazi. Tanki la lita 5,000 likijaa mwezi wa nne linaivusha karibu hadi mvua nyingine. Vikoba vinavyokopesha watu mabati vinaweza kukopesha tanki. Na asiye na uwezo huo aanze na pipa: bati kuukuu likunjwe, lifungwe kwa waya chini ya ukingo wa paa kwa mteremko kidogo, na mdomo wa pipa ufunikwe kwa kipande cha chandarua kuzuia mbu. Mvua za kwanza, zenye vumbi na kinyesi cha ndege, ziachwe zipite pembeni.

Wala si paa peke yake linaloweza kukinga mvua. Kule Kitui, Kenya, upande wa Mutomo, watu wamejenga kuta za mawe na saruji juu ya majabali ili mvua inayoteleza juu yake iingie bwawani. Singida tuna majabali makubwa kila upande, hata katikati ya mji, na tunayapiga picha tu.

Aibu kubwa zaidi iko shuleni. Jengo la madarasa manne lenye paa la mita za mraba 300 linaangushiwa lita 150,000 hata katika mwaka mbaya, na ni katika shule hiyo hiyo watoto wanaagizwa waje na kidumu. Jengo limeezekwa bati jipya, limezinduliwa, utepe umekatwa, na gata halimo. Madiwani wa halmashauri zetu saba, kwenye kikao kijacho cha bajeti kataeni kupitisha makadirio ya darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu yasiyo na gata na tanki ndani yake. Na kwa majengo yaliyokwisha kusimama, kamati za shule ziite fundi kabla ya Novemba.