Batri ya kubadilisha: tuulize kwanza itabadilishwa wapi



Mafuta inakula faida yetu, ndiyo maana mu koperative mingi watu wanaulizia magari na pikipiki za umeme. Wanasema: batri ikiisha, unaitoa, unaweka ingine, unaendelea. Wazo ni zuri. Lakini linafaa wapi?

Kwa magari, kampuni Better Place ya Israeli ilijaribu na gari la Renault Fluence. Batri yake ilikuwa na kilo 250, ikaomba mashini ya kuitoa chini ya gari. Vituo vilikula pesa nyingi, wanunuzi wakawa wachache, na mwezi wa 5, 2013 kampuni ikaanguka.

Kwa pikipiki mambo ni mengine. Kule Kigali, tangu 2019, wamotari wa Ampersand wanabadilisha batri kwa mkono, dakika chache tu. Inaenda kwa sababu wanazunguka mujini na kituo hakiko mbali. Batri inabakia ya kampuni, motari analipa kila akibadilisha.

Sasa tuhesabu ya kwetu. Toka Lubumbashi mpaka Kipushi ni kama kilometa 30. Mpaka Kasenga inapita 200. Njia ya Kipushi, kituo kila upande kinaweza kutosha. Njia ya Kasenga itaomba vituo katikati, na kila kimoja kiwe na batri za akiba na umeme wa kuzijaza. SNEL ikikata, kituo kinalala. Na jua? Paneli ya wati 500, ikipata masaa 5 ya jua kali, inatoa kilowati-saa 2 na nusu. Batri ya pikipiki yenye kubeba 3 haijai. Mu masika itakuwa chini zaidi.

Kobalti inatoka hapa kwetu Katanga, lakini hiyo haituletee kituo mu kijiji.

Mimi naona hivi: koperative isichukue deni kwa gari la batri ya kubadilisha. Kwa pikipiki, muanze na njia fupi. Mbele ya kutia sahihi, muulize: batri ni ya nani? Ikiharibika, nani analipa? Kampuni ikifunga, batri ya kampuni ingine itaingia?

Kama hakuna jibu kwa maandishi, mungojee. Mahindi inaweza kulala njiani siku mbili. Tomate haiwezi, na deni pia halilale.