Ndege ya Kujifunzia Haitaki Injini ya Mashindano

Wadau wa rimoti, hebu tuelewane. Vijana wengi wa Changamwe, Kisauni na Likoni wanaotaka kurusha ndege ndogo za rimoti huanza na swali moja: nifunge injini kubwa kiasi gani? Mazee, anza na mizani. Ndege yako ina kilo ngapi? Ukishajua hapo, injini inajichagua yenyewe.

Ndege ya kujifunzia ina mbawa pana zilizokaa juu ya kiwiliwili, na imetengenezwa iende polepole ili mwanafunzi apate muda wa kufikiri. Ukiifunga injini ya kupita kiasi, unaua kazi hiyo. Chukua mfano wa ndege ya kawaida ya kilo mbili na nusu, ile inayotumia injini ya mafuta ya cc 6.5 hadi 7.5. Jamaa anaifunga ya cc 10 "ili iwe na nguvu." Pua inakuwa nzito, kwa hivyo anaongeza risasi mkiani ili isawazike. Sasa ndege nzima imeongeza uzito, na mbawa ni zile zile. Ili zibebe mzigo huo, lazima ndege ikimbie zaidi hewani, na lazima itue kwa kasi. Kutua ndiko kunakovunjia wanafunzi wengi ndege zao. Umelipa pesa zaidi ili uvunje haraka.

Kuna ushauri unaozunguka sana: panda saizi moja juu ya ile iliyoandikwa kwenye maelezo ya ndege. Nairobi ushauri huo una maana. Kule ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya mafuta hupoteza takribani asilimia 15 ya nguvu zake. Sisi tuko usawa wa bahari. Joto letu linapunguza kidogo, lakini si kama mwinuko wa Nairobi. Saizi iliyoandikwa inatutosha huku Pwani, tena inabaki. Usinunue dawa ya ugonjwa wa jirani.

Wengine watasema: na upepo wa kusi je? Kusi ikivuma, anayejifunza hana shughuli hewani, awe na injini ya cc ngapi. Amka alfajiri kabla upepo haujaamka, rusha, kunja virago, nenda kazini.

Halafu kuna suala la mafuta yenyewe. Injini hizi ndogo hazinywi petroli ya kituoni. Zinataka methanoli iliyochanganywa na oili, na mara nyingi nitromethani kidogo. Si bidhaa ya kununua dukani mtaani. Methanoli pia ni sumu: ndiyo iliyokuwa kwenye pombe haramu iliyoua makumi ya Wakenya Mei 2014. Kuiweka kwenye chupa ya soda nyumba ya kupanga, yenye watoto, ni hatari ambayo hakuna ndege inayostahili.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: anayeanza leo bara ya Mombasa aanze na mota ya umeme, na ndege nyepesi ya foamu isiyozidi kilo moja. Niliacha chuo, lakini hesabu hii haihitaji cheti. Kila kilo ya ndege ya kujifunzia inataka wati 150 hadi 200. Wati ni volti mara ampea. Betri ya lithiamu ya seli tatu ina volti 11.1; ikitoa ampea 18, unapata karibu wati 200. Basi. Kidhibiti cha mota kiwe cha ampea 30 ili kisipate moto, na betri isichajiwe ukiwa umelala, kwa sababu betri hizi zikiharibika huwaka.

Udogo una faida nyingine, nayo ni ya watu walio chini. Tunaishi kwa kubanana. Kitu cha kilo moja kikianguka polepole kinaweza kuumiza. Cha kilo tatu kikianguka kwa kasi ni balaa. Na propela, hata ile ndogo, hukata vidole.

Tena tusijifanye hatuuoni Uwanja wa Ndege wa Moi pale Port Reitz. Ndege za abiria zinashuka juu ya paa zetu. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, na msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Kabla hujanunua hata skrubu, waulize unaruhusiwa kurusha nini na wapi. Kaunti nayo ingetusaidia kwa kututengea kiwanja kilicho mbali na njia ya ndege, maana vijana wanaojifunza mota, betri na mbawa leo ndio mafundi wa kesho.

Mpaka hapo, pesa uliyotaka kumalizia kwenye injini kubwa nunulia propela za akiba na betri ya pili. Anayeruka mara ishirini kwa mota ndogo atajua mengi kuliko aliyeruka mara moja kwa injini ya cc 10.