Elimu Haikuzaliwa kwa Kilatini

Imeota mizizi, katika insha na mihadhara yetu ya ughaibuni, ada ya kuanzia kwa Warumi kila tunapojadili elimu. Tunaambiwa kuwa neno walitumialo Waingereza limetokana na kitenzi cha Kilatini educere, yaani kutoa nje. Kwa hiyo elimu ni kukitoa nje kipaji kilichojificha ndani ya mtoto. Ukumbi hupiga makofi.

Hoja hiyo ina ila mbili. Kwanza, nasaba imekosewa. Neno hilo limetokana na educare, yaani kulea, ingawa vitenzi hivyo viwili ni vya ukoo mmoja. Pili, na hili ndilo zito, hata ingekuwa sahihi isingetufafanulia neno elimu, ambalo tulilipokea kutoka Kiarabu: ilm, ujuzi. Ndugu zake wa mzizi mmoja tunao: mwalimu, mtaalamu, maalumu, alama. Kwa asili yake, elimu ni kile kinachojulikana, si tendo la kumkuza mtu. Waarabu wenyewe hawakulitwika neno hilo mzigo wote. Nchini Oman, wizara inayohusika imejulikana kwa miaka mingi kwa maneno mawili, tarbiya na taalimu: malezi na ufundishaji.

Nasi hatukuwa mikono mitupu. Tulikuwa na kulea, kufunda na kufunza, na kutoka humo tukapata mwanafunzi na fundi. Wahenga waliposema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, hawakuuliza mama ana shahada gani.

Kosa hili lina gharama. Tumelifungia neno elimu ndani ya shule, neno la Kijerumani, na ndani ya cheti, hata tukathubutu kusema kwamba kungwi, nahodha na seremala “hawana elimu”. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Julius Nyerere alitukumbusha kwamba kukosekana kwa shule kabla ya ukoloni hakukumaanisha kwamba watoto hawakufunzwa. Leo wasomi wanaomnukuu Nyerere ndio hao hao wanaokwenda Roma kutafuta maana. Na kejeli ni kwamba, wangelisoma neno la Kirumi sawasawa, wangekuta huko kitenzi walichokiacha nyumbani: kulea.

Anayeandika kuhusu elimu kwa Kiswahili na aanze kwa kukihoji Kiswahili. Kilatini kitasubiri, kimezoea kusubiri.