Jasho la Mchoraji Lisiende Bure

Mzazi wa Eastlands, ikiwa mwanao hujipatia riziki kwa kupamba matatu huko Umoja, Kayole au Buruburu, soma haya kisha umpe naye asome.

Siku hizi abiria huipiga picha matatu inayopendeza na kuirusha kwenye intaneti. Nazo kampuni za akili unde huzoa picha humo kwa mamilioni na kuzifundishia kompyuta. Kompyuta ikishahitimu, mwenye gari huandika maneno machache tu akachorewa papo hapo. Mwanao haitwi tena.

Wapo wasemao kwamba hata fundi alijifunza kwa kutazama wenzake. Ni kweli. Lakini mwanagenzi humchanganyia fundi wake rangi, na akiulizwa humtaja. Kompyuta haimtaji mtu wala haigawi inachochuma.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda kazi ya mchoraji maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo, ina mtego. Kazi uliyoagizwa na mtu uifanye, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyekuagiza, ila mkipatana vinginevyo. Yaani mwenye matatu akishaagiza mchoro, ni wake. Siku kampuni ya kompyuta ikija na pesa, ataitwa yeye.

Na pesa hizo si ndoto. Mwaka wa 2025, kampuni ya Anthropic ya Marekani ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 katika kesi ya waandishi ambao vitabu vyao ilivipakua kutoka maktaba haramu za intaneti. Kila kitabu kilikadiriwa dola 3,000 hivi. Lakini vilivyohesabiwa ni vile tu vilivyosajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya huko. Ambavyo havikusajiliwa havikuambulia hata ndururu.

Kwa hivyo mshauri mwanao. Kabla ya kushika brashi, aandikiane na mwenye gari kwamba hakimiliki inabaki kwake mchoraji. Aihifadhi michoro ya kwanza ya penseli, aipige picha kazi gari likiwa bado karakana, kisha aisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki isiyoandikwa ni vigumu kuidai.